Jumba la Rubli Bilioni 100: Hesabu za Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Kwenye rasi ya Idokopas, jirani na mji wa Gelendzhik katika pwani ya Bahari Nyeusi ya Urusi, kuna jumba la mapumziko ambalo Warusi wengi hulijua kwa jina moja tu: jumba la Putin. Ujenzi wake ulianza mwaka 2005. Kwa ushuhuda wa mfanyabiashara aliyekuwa ndani ya mradi huo, makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 16, za kujengea nyumba ya mita za mraba 1,000 na bwawa la kuogelea. Miaka 5 baadaye mtu huyohuyo aliandika kwamba gharama imefika dola bilioni 1. Januari 2021 wachunguzi wa Mfuko wa Kupambana na Rushwa, taasisi ya mwanasiasa wa upinzani Alexei Navalny, walikadiria rubli bilioni 100, ambazo kwa viwango vya mwezi ule zilikuwa kama dola bilioni 1.35.

Toka milioni 16 hadi bilioni 1 ni ongezeko la zaidi ya mara 62. Hakuna bei ya saruji iliyopanda kiasi hicho, wala ya mbao, wala ya marumaru ya Italia.

Rais Vladimir Putin amekana kwamba jumba hilo ni lake. Tarehe 25 Januari 2021, akizungumza na wanafunzi, alisema mali zilizotajwa kwenye uchunguzi ule si zake wala za ndugu zake wa karibu, na hazijawahi kuwa zao. Kisheria kanusho hilo halijatenguliwa na mahakama yoyote. Lakini kwa anayeshika kalamu na kuanza kujumlisha, ndipo tatizo linapoanzia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jumba la Gelendzhik ni mfano mkubwa kuliko yote niijuayo wa mali ya aina hiyo. Nyumba ya kiongozi ikiwa na mwenyewe anayetambulika, huwa na fungu kwenye bajeti, na fungu lina ukomo na mkaguzi. Nyumba isiyo na mwenyewe haina vyote hivyo, ndiyo maana inaweza kukua mara 62 na asiwepo ofisa hata mmoja wa kuulizwa.

Namba hazina uzito mmoja

Kabla ya kujumlisha, tuzipange. Takwimu za jumba hili hutajwa kwa mkupuo mmoja, kana kwamba zote zimetoka kwenye mizani ileile. Ukweli ni kwamba ziko za aina nne. Kuna zilizopimwa: ukubwa wa ardhi uko kwenye daftari la serikali la viwanja, na eneo la sakafu liko kwenye michoro ya ujenzi. Kuna zenye karatasi za benki nyuma yake. Kuna za ushuhuda wa mtu aliyekuwepo fedha zikigawanywa. Na kuna za makadirio, ambazo mchunguzi huzipata kwa kujumlisha vipande alivyonavyo.

Rubli bilioni 100 ni ya kundi la mwisho, ingawa ndiyo iliyotamba kuliko zote. Anayetaka kuelewa jumba hili aanze na zilizopimwa, kwa kuwa hizo peke yake zinatosha kumshangaza.

Sakafu, ardhi, maji na anga

Nyumba kuu ina mita za mraba 17,691. Ikulu ya Marekani, White House, ambayo ni ofisi na makazi kwa pamoja, ina mita za mraba zipatazo 5,100. Kwa hiyo nyumba moja ya mapumziko inaweza kuzimeza White House tatu na nafasi ikabaki.

Nyumba hiyo iko kwenye uwanja wa hekta 68. Ndani ya uwanja huo, kwa mujibu wa michoro na picha zilizochapishwa na wachunguzi, kuna kanisa, ukumbi wa wazi wa maonyesho wenye ngazi za duara, viwanja vya kutua helikopta, jumba la vioo la kuoteshea mimea, na nyumba ya chai yenye mita za mraba 2,500 inayofikiwa kwa daraja la mita 80. Chini ya ardhi kuna uwanja wa barafu wa kuchezea magongo. Kuna njia iliyochimbwa ndani ya jabali kushuka hadi ufukweni. Bustani ya miti peke yake, walisema wachunguzi, inahudumiwa na watunzaji wapatao 40.

Hapo bado hatujatoka nje ya ua. Hekta 68 hizo zimezungukwa na ardhi nyingine ya hekta 7,000 hivi, iliyosajiliwa kwa jina la FSB, idara ya usalama ya taifa, na kukodishwa kwa kampuni binafsi hadi mwaka 2068. Hekta 7,000 ni kilomita za mraba 70. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, pamoja na simba na vifaru wake, ina kilomita za mraba 117. Kwa maneno mengine, ukanda wa kinga wa nyumba hii ni sawa na asilimia 60 ya hifadhi hiyo.

Kisha yanakuja maji. Vyombo vya uvuvi vilitakiwa kukaa umbali wa maili moja ya baharini kutoka kwenye rasi, yaani takriban mita 1,850. Na juu ya yote kuna anga: eneo hilo limepigwa marufuku kupitiwa na ndege. FSB ilipoulizwa mwaka 2021 ilieleza kwamba marufuku hiyo ni kwa ajili ya kulinda kituo chake cha mpakani dhidi ya ujasusi wa nchi za kigeni.

Jumlisha sasa. Nyumba ya hekta 1.8 za sakafu inalindwa na hekta 7,000 za nchi kavu, maili moja ya bahari na anga yote iliyo juu yake. Kwa kila hekta moja ya uwanja wenyewe, zaidi ya hekta 100 zimefungwa ili uwanja huo usisogelewe. Katika gharama yoyote ya nyumba iliyojificha, hiki ndicho kifungu kikubwa kuliko vyote, na hakimo kwenye risiti ya fundi yeyote. Nchi imejinyima matumizi ya kilomita za mraba 70 za pwani yake yenye joto, katika taifa ambalo sehemu kubwa ya bahari zake hugeuka barafu.

Sheria ya maji ya Urusi inampa kila raia haki ya kupita kwenye ukanda wa mita 20 kandokando ya maji, bila kujali nani anamiliki nyuma yake. Suren Gazaryan, mwanasayansi wa popo na mtetezi wa mazingira, alikwenda rasi ya Idokopas na wenzake Februari 2011 kuangalia kama haki hiyo ipo. Walikuta uzio, walinzi na misitu ya misonobari iliyokatwa. Aliporudi eneo hilo mwaka 2012, alikabiliwa na walinzi, akaokota jiwe kujihami, na akafunguliwa kesi ya kutishia kuua. Alikimbilia Estonia. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, akiwa bado uhamishoni. Mita 20 za ufukwe zilimgharimu makazi yake.

Milioni 16 zilivyonenepa

Tunajua habari za milioni 16 kwa sababu ya Sergei Kolesnikov. Desemba 2010, akiwa ameshatoka Urusi, aliandika barua ya wazi kwa Dmitry Medvedev, aliyekuwa rais wakati huo huku Putin akiwa waziri mkuu. Kolesnikov alikuwa mshirika katika kampuni ya Petromed ya St. Petersburg, iliyouza vifaa vya hospitali. Barua yake ilieleza mpango ulioanza kwa sura ya hisani. Matajiri wakubwa walitoa michango ya mamilioni ya dola ili hospitali zipate vifaa vya kisasa. Vifaa vilinunuliwa kweli, lakini asilimia 35 ya fedha, alisema, ilipelekwa kwenye akaunti za nje ya nchi kuwa mtaji wa uwekezaji.

Mtaji huo, kwa maelezo yake, ulikusudiwa kuingia kwenye miradi mingi ya uchumi, na nyumba ya pwani ilikuwa mradi mdogo miongoni mwa mikubwa. Ulipokuja mtikisiko wa fedha duniani wa mwaka 2008, miradi mingine ilisimamishwa. Nyumba haikusimama. Fedha zote zikaelekezwa huko.

Mtu aliyewahi kusimamia ujenzi anaijua mantiki ya jambo hili. Mradi wenye bajeti hupambana na bajeti yake: ukiongeza ukumbi, unapunguza gereji. Mradi usio na bajeti hukua kwa kufuata fedha zinazopatikana, na kila zinapopatikana nyingi, mahitaji mapya hugunduliwa. Kanisa likaongezwa, na uwanja wa barafu, na njia ya ndani ya jabali. Hapakuwa na mwenye mamlaka ya kusema imetosha, maana kusema hivyo kungemlazimu kwanza akiri nyumba ni ya nani.

Kremlin ilikana maelezo ya Kolesnikov. Februari 2011 gazeti la Novaya Gazeta likachapisha nyaraka zilizoihusisha Idara ya Mali za Rais na mradi huo katika hatua zake za mwanzo.

Fedha za mashine za hospitali

Ushuhuda wa Kolesnikov ulikuwa neno la mtu mmoja hadi Mei 2014, shirika la habari la Reuters lilipochapisha uchunguzi uliotegemea rekodi za benki. Reuters ilieleza jinsi watu wawili walio karibu na Putin walivyoiuzia Urusi vifaa vya hospitali vya thamani isiyopungua dola milioni 195, na jinsi dola milioni 84 kati ya mapato hayo zilivyoishia kwenye akaunti za benki za Uswisi. Kutoka kwenye akaunti hizo, euro zisizopungua milioni 35, sawa na dola milioni 48 wakati huo, zilikwenda kwa kampuni iliyoshiriki kujenga jumba la Bahari Nyeusi. Msemaji wa Kremlin alikana kuwapo uhusiano wowote wa rais na jambo hilo.

Dola milioni 48 ni chini ya asilimia 5 ya bilioni 1. Anayependa kelele ataiona ndogo. Kwangu ndiyo namba nzito kuliko zote katika mkasa huu, kwa kuwa ni ya daraja la pili: ina karatasi. Inaonyesha mkondo mzima, kutoka kwenye zabuni ya umma hadi benki ya kigeni, na kutoka benki hadi eneo la ujenzi.

Tuipime kwa kipimo cha chanzo chake. Agosti 2010 Rais Medvedev mwenyewe alilalamika hadharani kwamba hospitali za Urusi zimekuwa zikiuziwa mashine za CT-Scan kwa bei mara 2 au 3 ya thamani yake. Ukaguzi aliopelekewa ulihusu mashine 170 zilizonunuliwa kwa jumla ya rubli bilioni 7.5. Wastani wake ni rubli milioni 44 kwa mashine moja, bei ambayo tayari ilikuwa imevimba. Hata kwa bei hiyo ya kuibiwa, rubli bilioni 100 zingenunua mashine zaidi ya 2,200. Mgonjwa wa kiharusi anayesafirishwa usiku kucha kwenda mji wa mkoa kwa sababu hospitali ya wilaya yake haina mashine, ndiye mchangiaji wa jumba hili ambaye jina lake haliko kwenye orodha yoyote.

Bei tatu, wenyewe watatu

Machi 2011, miezi michache baada ya barua ya Kolesnikov, ilitangazwa kwamba jumba limeuzwa. Kampuni iliyohusishwa na Nikolai Shamalov, mmoja wa wale wawili wa vifaa vya hospitali, ilimuuzia bilionea Alexander Ponomarenko. Vyombo vya habari vya Urusi viliitaja bei kuwa kama dola milioni 350.

Iweke bei hiyo kando ya nyingine. Kolesnikov alisema bilioni 1, mauzo yakasema milioni 350, wachunguzi wa Navalny wakasema bilioni 1.35. Kama bilioni 1 ni kweli, muuzaji alikubali hasara ya dola milioni 650 ndani ya siku moja, na hakuna mfanyabiashara anayefanya hivyo kwa hiari. Kama milioni 350 ndiyo thamani halisi, basi bado ni mara 21 ya makadirio ya kwanza. Vyovyote utakavyochagua, hesabu inagoma. Katika soko la kawaida bei ya nyumba hupatikana kwa sababu kuna anayeuza kwa kutaka fedha na anayenunua kwa kutaka kuishi. Hapa hakuna aliyewahi kuonekana akiishi.

Mwenyewe wa tatu alijitokeza tarehe 30 Januari 2021, siku 11 baada ya filamu ya uchunguzi wa Navalny kuwekwa hadharani. Arkady Rotenberg, bilionea aliyecheza judo na Putin tangu ujanani na ambaye kampuni yake ilijenga daraja la kuingia Crimea, alisema jumba ni lake, kwamba alilinunua miaka michache iliyopita, na kwamba nia yake ni kulifanya hoteli.

Twende naye kwenye hesabu. Mfanyabiashara binafsi anajenga hoteli. Hoteli hiyo imezungukwa na hekta 7,000 za idara ya usalama, wavuvi wanafukuzwa mbele yake, na ndege hazipiti juu yake. Hakuna hoteli duniani inayopewa ulinzi wa namna hiyo kwa gharama za umma, na hakuna mgeni anayeweza kufika bila kuvuka ulinzi huo. Ndiyo maana ulinzi wenyewe huwa shahidi mzuri kuliko hati ya kiwanja. Hati inaweza kuandikwa jina lolote, lakini walinzi wa dola hawaajiriwi na bilionea.

Walioingia kwa boti ya mpira

Wachunguzi wa Navalny walikabili tatizo la kupima kitu kisichosogeleka. Barabara ilikuwa na vizuizi, anga imefungwa, bahari ina doria. Wakaja kwa boti ya mpira ya kujazwa upepo, wakarusha droni kutoka majini na kuirudisha kabla hawajakamatwa. Picha hizo zilitoa umbo la nje. Umbo la ndani lilitoka kwenye mchoro wa sakafu, ambao mmoja wa makandarasi wadogo aliutoa baada ya kushangazwa na anasa aliyoambiwa aijenge. Mchoro ulikuwa na orodha ya samani kwa kila chumba, na wachunguzi wakazitafuta samani hizo moja moja kwenye katalogi za watengenezaji wa Italia, kila moja na bei yake.

Katika uchunguzi huo walikuta pia brashi ya kusugulia choo ya takriban euro 700.

Bilioni 100 ni namba ambayo akili ya binadamu haiwezi kuishika, lakini brashi ya choo kila mtu anayo nyumbani, na kila mtu anajua bei yake. Tarehe 23 Januari 2021 watu waliandamana katika miji zaidi ya 100 ya Urusi, na baadhi yao walikuwa wameinua brashi za choo juu ya vichwa vyao. Filamu yenyewe, yenye urefu wa karibu saa 2, ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku 10 hivi.

Kituo cha kura za maoni cha Levada kiliwauliza Warusi muda mfupi baadaye. Asilimia 26 walisema wameitazama. Miongoni mwa waliokuwa na habari nayo, asilimia 17 walisema mtazamo wao juu ya Putin umekuwa mbaya zaidi, na asilimia 77 walisema haujabadilika. Hii nayo ni takwimu ya kuitafakari. Mtu akishajua kwamba hakuna pa kupeleka malalamiko, taarifa mpya haimsogezi. Gharama ya usiri haiishii kwenye fedha, inafika mpaka kwenye tabia ya raia ya kuacha kuuliza.

Mei 2024 taasisi ya Navalny ilitoa picha mpya na kueleza kwamba jumba lilishambuliwa na ukungu wa unyevu, kiasi cha kulazimu ndani kubomolewa na kujengwa upya. Kama ndivyo, basi ndani ya nyumba hii kumejengwa mara mbili, na gharama ya mara ya pili huenda haimo ndani ya bilioni 100.

Bwawa la Nkandla, bwawa la Brégançon

Ulinganisho mzuri upo Afrika Kusini. Makazi binafsi ya Rais Jacob Zuma kijijini Nkandla, KwaZulu-Natal, yalifanyiwa ukarabati ulioitwa wa kiusalama, na gharama zikafika randi milioni 246. Kashfa ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini tazama nini kilichofuata, kwa sababu nyumba ilikuwa na mwenyewe na fedha zilipitia wizara.

Tarehe 19 Machi 2014 Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, alitoa ripoti iliyotenganisha kifungu kwa kifungu. Uzio na vifaa vya ulinzi vikawekwa upande mmoja. Upande mwingine yakawekwa mambo matano yasiyo ya usalama: kituo cha wageni, ukumbi wa wazi, zizi la ng'ombe, banda la kuku na bwawa la kuogelea. Mwaka 2015 waziri wa polisi aliitetea serikali akisema bwawa lile ni la kuzimia moto, na akaonyesha video ya wazima moto wakivuta maji. Bwawa hilo liligharimu randi milioni 3.9. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwa kauli moja kwamba rais alishindwa kuilinda katiba, na ikaiagiza Hazina ipige hesabu ya anachodaiwa. Hazina ikaja na randi 7,814,155, na Septemba mwaka huo Zuma akalipa.

Randi milioni 7.8 ni asilimia 3 tu ya milioni 246. Wengi waliona ni adhabu nyepesi, nami sibishani nao. Hata hivyo, namba ile ina tarakimu saba hadi ya mwisho. Kuna mtu aliyekaa mezani na stakabadhi za zizi na banda la kuku akazijumlisha, na rais wa nchi akailipa. Jumba la Gelendzhik halina namba hata moja iliyofika mbele ya hakimu.

Ufaransa nayo ina nyumba ya kiangazi ya marais wake: ngome ya Brégançon, juu ya mwamba wa bahari ya Mediterania, iliyotengwa kwa kazi hiyo tangu mwaka 1968. Mwaka 2018 Rais Emmanuel Macron aliamua kuweka bwawa la kuogelea la euro 34,000, na magazeti yakabishana juu ya euro hizo kwa wiki kadhaa. Ngome imewekewa ulinzi mkali, kama inavyopasa. Inafunguliwa pia kwa wageni wa kawaida tangu mwaka 2014, na bei ya bwawa lake inajulikana.

Nchi tatu, mabwawa matatu. Kiongozi anahitaji ulinzi, na anahitaji mahali pa kupumzika, hakuna haja ya kumnyima. Urusi yenyewe ilikuwa nayo tayari nyumba rasmi ya kiangazi ya rais, Bocharov Ruchey mjini Sochi, kwenye pwani hiyohiyo, ambako Putin amepokea wageni wengi wa kigeni. Hitaji lilikuwa limeshatimizwa kabla tofali la kwanza la Idokopas halijawekwa.

Waliolipa kwa kuhesabu

Agosti 2012 mwanasiasa Boris Nemtsov, pamoja na Leonid Martynyuk, walichapisha ripoti iliyoorodhesha mali zilizo chini ya matumizi ya rais: makazi 20, ndege na helikopta 58, mashua 4 za kifahari. Ilikuwa kazi ya kuhesabu tu, kitu kimoja kimoja. Tarehe 27 Februari 2015 Nemtsov aliuawa kwa risasi darajani, hatua chache kutoka kuta za Kremlin. Wauaji waliohukumiwa walitoka Chechnya, na aliyewatuma hajawahi kupandishwa kizimbani.

Navalny alikamatwa uwanja wa ndege wa Moscow tarehe 17 Januari 2021, siku 2 kabla ya filamu kutoka. Katika maandamano yaliyofuata, watu zaidi ya 10,000 walikamatwa ndani ya wiki mbili hivi. Juni mwaka huo mahakama iliitangaza taasisi yake kuwa ya watu wenye msimamo mkali, na kuifanyia kazi kukawa kosa la jinai. Tarehe 16 Februari 2024 Navalny alifia katika gereza la Kharp, kaskazini mwa mzingo wa Aktiki, akiwa na miaka 47. Ukiyaweka majina haya pamoja na Kolesnikov na Gazaryan walioko uhamishoni, unaona kwamba nyumba za aina hii zimetoza watu pia, na zimewatoza hasa wale waliothubutu kuuliza bei.

Maswali manne ya bure

Somo la Gelendzhik halihitaji kukariri rubli bilioni 100. Linatosha kwa maswali manne, ambayo raia wa nchi yoyote anaweza kuyauliza juu ya nyumba yoyote ya kiongozi wake, bila droni na bila boti ya mpira. Hati ya kiwanja ina jina la nani? Fungu la ujenzi liko ukurasa gani wa bajeti? Mkaguzi gani amelipitia, na ripoti yake inasomwa wapi? Na je, askari wanaolinda pale wanalipwa na nani?

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote. Jina kwenye hati hubadilishwa kwa sahihi moja, kama lilivyobadilishwa rasi ya Idokopas. Fungu la bajeti hufichwa chini ya kichwa kingine. Mshahara wa mlinzi wa dola hauna pa kutokea isipokuwa mfuko wa wananchi, na ukishajua kwamba wananchi ndio wanaolipa ulinzi, umeshajua wana haki ya kuuliza kinacholindwa. Taifa likiweza kuyajibu maswali hayo manne kwa maandishi, nyumba ya kiongozi wake inaweza kuwa na ua mrefu upendavyo. Likishindwa hata moja, milioni 16 yake imeshaanza safari.